Mgeni Ndani ya Kompyuta

Jumatatu saa tatu asubuhi, kompyuta ya mpiga chapa ilipiga hodi. Kidirisha kidogo kilijitokeza kwenye kona ya kioo, kimeandikwa neno hilo moja, na chini yake kitufe: Karibu. Alikuwa na kazi ya mteja mkononi. Akabonyeza bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia akiwa jikoni.

Kuanzia hapo matangazo hayakukoma. Akifunga moja, yanazuka matatu. Mwanzoni yaliuza viatu na simu. Kisha mpiga chapa alimwambia bintiye, ambaye kwa maneno yake mengi walimwita Chiriku, kwamba pazia limechakaa. Kabla hajakaa kitini, kioo kilikuwa kinatangaza pazia lile lile, lenye kiraka kile kile. Chumba kikaanza kunuka unywele ulioungua. Alizima spika, hodi ikaendelea kusikika, na Chiriku, aliyekuwa akicheza chini ya meza, akawa anacheka na kujibu maswali ambayo mama yake hakuyasikia, mpaka mchana mmoja tangazo likaonyesha mtoto amekaa chini ya meza, kapigwa picha kutoka nyuma, na maandishi: Bei ni maelewano.

Mama alimwita fundi wa kompyuta saa ile ile.

Fundi alisikiliza, akaguna, akamuuliza kama alipakua kitu cha bure. Mama akakiri: programu ya herufi za kadi za harusi.

"Rahisi ghali, dada," fundi alisema. "Hili si jini. Ni programu ya matangazo, imeingia kwa kujificha nyuma ya nyingine."

"Na picha ya mwanangu?" alinong'ona.

Fundi alichomoa waya wa intaneti, akapekua programu zilizomo, akaikuta. Ilijiita Mgeni.

"Mgeni siku mbili," alisema, "ya tatu mpe jembe." Akabonyeza Ondoa.

Vidirisha vikaja mfululizo, kila kimoja na swali lake, na fundi akavipitisha kama mafundi wote wanavyovipitisha, Endelea, Endelea, Endelea, bila kusoma, huku harufu ikizidi hadi macho yakawawasha, na kicheko cha Chiriku kikihama kutoka chini ya meza kuelekea mlangoni, mpaka mama akamshika fundi mkono.

"Rudi nyuma. Hicho kilichopita kimeuliza nini?"

Fundi alirudi. Kidirisha kiliuliza: Nani atanisindikiza? Chini yake palikuwa na visanduku viwili, Mama na Mtoto. Cha Mtoto kilikuja na tiki tayari. Fundi alijaribu kuifuta. Kidirisha kikajifunga.

Kompyuta ilizimika, ikawaka upya, safi. Harufu ilikuwa imekwisha. Chini ya meza hapakuwa na mtu, na mlango ulikuwa wazi.

Muuza duka wa kona ndiye wa mwisho kumwona. Alisema Chiriku alipita akielekea barabara kuu, anaongea, mkono mmoja kauinua juu sana, kama mtoto aliyeshikwa na mtu mrefu. Alikuwa peke yake.