Kichwa Kimoja cha Ziada

TAARIFA KUHUSU TOFAUTI NDOGO YA IDADI YA ABIRIA, UKUMBI WA WANAOWASILI, ZAMU YA ASUBUHI. Fomu namba saba, nakala tatu: moja ya faili, moja ya makao makuu, na moja ambayo hakuna aliyewahi kujua inakwenda wapi.

Tofauti yenyewe ilikuwa kichwa kimoja. Ndege ya watalii ilitua saa sita mchana, ikashusha watu mia na themanini na mmoja, wenye kofia za ufukweni na pua zilizopakwa mafuta ya jua kabla ya kuliona jua lenyewe. Mashine iliyo juu ya mlango wa kuingilia, ambayo kazi yake duniani ni kuhesabu vichwa, ikaandika mia na themanini na mbili. Madirisha ya uhamiaji yakagonga mihuri mia na themanini na mmoja. Na kanuni ilikuwa haina huruma: hesabu mbili zisipolingana, zamu haifungwi, zamu isipofungwa, kizuizi cha chuma cha kutokea, kile kinachozunguka na kupitisha mwili mmoja kwa kitambulisho kimoja, hakimfungukii mfanyakazi yeyote, awe na homa, awe na msiba, awe na njaa tu.

Afisa wa dirisha namba nne, ambaye wenzake walimwita Mama Muhuri kwa jinsi alivyogonga mpaka kalamu zikaruka, alikuwa na haraka kuliko wote. Upande wa pili wa ukuta wa kioo, kwenye benchi la wapokeaji, binti yake wa miaka sita alikuwa ameketi na begi la shule mgongoni. Mama yake mkubwa alimleta saa saba kamili, akampungia mdogo wake mkono kupitia kioo, akakimbilia kazini. Sasa ilikuwa saa nane. Wapokeaji walikuwa wameshaondoka na wageni wao. Mtoto alikuwa peke yake, na simu ya mama yake ilikuwa kwenye kabati la nje, kwa kuwa ukumbini simu haziruhusiwi.

"Bosi, nifungulie tu nimchukue mtoto, nirudi," alimwambia msimamizi wa zamu.

"Mlango si wangu, mama. Ungekuwa wangu ningetoka mimi kwanza. Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni."

"Basi tutafute tena."

Walitafuta tena. Chooni, nyuma ya mkanda wa mizigo, chini ya madawati. Msimamizi alifungua hata kabati la mifagio akasema "Karibu nchini" kwa sauti ya kazi. Hapakuwa na mtu.

Palikuwa na harufu. Mama Muhuri aliisikia aliporudi kukaa dirishani: udongo wa kisima kilichofukiwa, na juu yake nywele zilizoungua. Akakilaumu kiyoyozi. Kisha utepe wa foleni, ule unaofungwa nguzo kwa nguzo ili watu wakate kona kama ng'ombe waendao josho, ukabonyea katikati, kwenye kimo cha kiuno, kama unavyobonyea mtu asiye na subira anapouegemea. Ukaachiwa. Ukabonyea wa pili. Kitu kilikuwa kinafuata foleni, kona kwa kona, kwa adabu ambayo watalii wote wale hawakuwa nayo, na kila kona ilipokatwa harufu ilikaribia, na mkanda wa mizigo ukaanza kuzunguka mtupu bila kuwashwa, ukilia kama jino linalosagwa, mpaka kioo cha dirisha namba nne kikaota ukungu wa pumzi upande wa abiria, duara dogo, likapungua, likarudi, likapungua, likarudi, na Mama Muhuri, mkono juu ya muhuri, akatambua kwamba kilichokuwa mbele yake kimefika kwenye mstari wa njano na kinangoja kuhudumiwa.

"Bosi," alisema kwa sauti iliyokaribia kuwa pumzi. "Kuna mtu dirishani kwangu."

Bibi wa usafi, aliyeanza kufagia ukumbi ule kabla haujaezekwa vizuri, aliweka ndoo chini. Akanusa.

"Huyo si mtu," alinong'ona. "Mwanangu, usimuulize kitu. Usimwandikie kitu. Hao wakikosa jina la kuvaa, huchoka wakarudi walikotoka. Tukae kimya, tungoje."

"Tungoje mpaka lini?"

"Mpaka achoke. Leo, kesho. Sijui."

Msimamizi alijaribu kucheka. "Bibi, makao makuu hawana fomu ya jini. Mama, fanya kama siku zote. Jaza kadi, tufunge zamu, twende zetu."

Siku zote zilikuwa hivi. Mashine ile ilizoea kukosea. Iliwahi kuhesabu mwavuli, na mara moja sanamu ya twiga. Mwanzoni walipeleka taarifa za kweli, wakahojiwa kwa barua miezi minane kuhusu twiga. Tangu hapo ukumbi ulipata dawa yake: afisa hujaza kadi ya kuwasili kwa jina lake mwenyewe, hugonga muhuri, hesabu zikalingana. Msimamizi alikuwa ameshawasili nchini mara kumi na tisa bila kuondoka hata mara moja.

Mama Muhuri aligeukia kioo. Mwanamume asiyemjua alikuwa ameketi benchini kando ya binti yake, akimwonyesha kitu kwenye simu. Mtoto alikuwa akimsogelea.

Akavuta kadi.

"Usifanye, mwanangu. Nakuomba."

"Bibi, na mimi yule ni mwanangu."

Jina: lake. Tarehe ya kuzaliwa: yake. Sababu ya safari: kuungana na familia. Mahali atakapofikia: akaandika mtaa wake, namba ya nyumba, hata rangi ya geti, maana mkono ulishazoea kukamilisha. Muda wa kukaa: akatia alama kwenye kisanduku cha "kudumu", kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na kalamu. Akagonga.

Ukungu ukafutika. Mkanda wa mizigo ukasimama. Taa ya kizuizi ikawa kijani, nacho kikazunguka mara moja, peke yake.

"Umeona?" msimamizi alisema, akijifuta jasho, asimwambie mtu yeyote hasa. Akapita, na maafisa wa madirisha mengine nyuma yake, akaenda kutafuta chakula.

Mama Muhuri aliweka kitambulisho chake. Taa nyekundu. Akakiweka tena. Kwenye skrini ndogo pakatokea maneno: MWENYE KITAMBULISHO AMESHATOKA.

"Bibi, nisaidie, kimegoma."

Bibi wa usafi alisimama kwenye kizuizi, akatazama ukumbi kona hadi kona, na macho yake yakampita kama yanavyopita nguzo.

"Aliyebaki humu," alisema, "Mungu amhifadhi."

"Ni mimi, bibi! Mimi hapa!"

Kikongwe aliziba pua, akatoka kinyumenyume. Mama Muhuri alijitupa nyuma yake, chuma kikamkaba kiunoni, kikamrudisha. Akakimbilia kioo akakipiga kwa ngumi zote mbili, na kioo hakikutoa sauti, na ng'ambo yake mwanamke mwenye sare ya uhamiaji, mwenye mwendo wake yeye, hata kule kuburuta kidogo mguu wa kushoto, alikuwa anakaribia benchi, na yule mwanamume akainuka kwa heshima, akaeleza kitu akionyesha mtoto na teksi yake iliyoegeshwa nje, kwamba hakupenda kumwona amekaa peke yake, akashukuriwa, akaondoka. Mtoto aliinua uso, akamtazama aliyekuja kwa muda mrefu kuliko watoto wanavyowatazama mama zao. Akageuka akatazama kioo. Kisha akatoa mkono.

Fomu namba saba ilijazwa alasiri hiyo, nakala tatu. Tofauti: hakuna. Maoni: mashine ifanyiwe ukaguzi.

Kilichotokea ni kwamba jini lilikwenda nyumbani na mtoto, na mama yake akabaki ukumbini.