Rimoti Iliyozikwa Bumula

Siku ile ilianza vizuri. Ilikuwa Jumatano, na mimi na dada yangu Nakhumicha tulikuwa uani kwake Kipsongo, hapa Kitale, tukichambua maharagwe. Mtoto wangu alikuwa amelala mgongoni. Ivy, binti wa Nakhumicha wa miaka minne, alikuwa akiwarushia kuku yale mabovu.

Ilipofika saa kumi alasiri, sabufa ikawaka sebuleni. Hakukuwa na mtu ndani.

Ivy akaacha kuku, akaingia, akaketi kwenye kochi. Aliketi pembeni kabisa, kama mtu anayeachia mwingine nafasi.

Sabufa hiyo ilikuwa ya shemeji yangu Barasa, mume wa Nakhumicha, dereva wa trekta. Alipenda vyombo vyake kuliko chakula: televisheni, deki, king'amuzi, spika tano ukutani na sabufa kubwa kama debe. Rimoti ya sabufa hakumpa mtu. Betri zikichoka alizitoa, akaziuma ili zipate nguvu kidogo, akazirudisha. Barasa alikuwa na pengo mbele, kwa hiyo alama za meno yake zilikuwa na nafasi katikati. Tulikuwa tukimtania kwamba betri zake zina sahihi.

Trekta lilimpindukia mwezi wa tatu. Tulimzika kwao Bumula. Kabla jeneza halijafungwa, kaka yake mkubwa, Wepukhulu, aliichukua ile rimoti akaitia mfukoni mwa koti la marehemu. "Nenda nayo, ndugu yangu," alisema. "Si hukutaka mtu aishike?" Watu wakacheka huku wakilia.

Wiki moja baadaye sabufa ilianza. Kila siku saa kumi, saa ambayo Barasa alizoea kufika nyumbani. Taa ya bluu iliwaka, namba za sauti zikapanda moja moja hadi ishirini na mbili, zikasimama. Ishirini na mbili ilikuwa namba yake. Hakukuwa na wimbo. Ulikuwa mvumo tu, kama redio iliyokosa kituo.

Wepukhulu alipopata habari, alipiga simu. Nakhumicha aliweka sauti ya nje nikasikia.

"Shemeji, mwenye vitu anaviita nyumbani. Jumamosi nakuja na wazee na lori. Tutabeba vyombo, tutabeba mabati, tutabeba wewe na mtoto. Utakaa kwa boma yangu."

"Nikae kama nani?"

"Kama bibi. Wa tatu si mbaya."

Nakhumicha alikata simu. Udongo wa nyumba ile aliupiga kwa mikono yake, akiwa na mimba ya Ivy ya miezi saba. Cherehani yake ilikuwa pale dirishani, na wateja walijua njia. Mahali pengine pa kwenda hakuwa napo.

Kwa hiyo Jumatano hiyo, sabufa ikivuma, aliweka chini ungo wa maharagwe. "Nanunua rimoti," alisema.

"Si uchomoe tu waya?" nilimnong'oneza.

"Nikichomoa, Wepukhulu atachomeka mbele ya wazee, na wataona nimeogopa. Wilkista, anayekimbilia waya ni mwizi. Mwenye nyumba huzima akiwa ameketi."

Alhamisi asubuhi alikuja Kiplimo, fundi wa redio wa karibu na soko. Alileta rimoti mpya, ile moja inayoongoza vyombo vyote, akaitia betri mbili mpya za kijani. Mimi nilishika karatasi ya maagizo na kumsomea. Bonyeza SET mpaka taa nyekundu iwake. Chagua chombo. Andika namba nne. Televisheni ilikubali namba ya tatu tuliyojaribu. King'amuzi kilikubali ya kwanza. Deki ilibidi aitafutie namba, akibonyeza na kubonyeza, mpaka ikazima yenyewe na Ivy akapiga makofi.

Sabufa ilikataa zote. Vitufe vyake vya mbele Ivy alikuwa amevimwagia uji zamani, vikafa. Kiplimo aliigeuza akatafuta jina mgongoni, hakuliona.

"Bana, hii haina kwao," alisema. "Imebaki njia moja. Hii mpya inaweza kufundishwa. Unaziweka rimoti mbili zikitazamana vichwa. Unabonyeza kitufe kwa mpya, halafu unabonyeza kilekile kwa ya zamani. Ikishika, taa inapepesa mara tatu. Isiposhika, inazima baada ya sekunde kumi. Ya zamani iko wapi?"

"Imezikwa," Nakhumicha akasema.

Kiplimo alicheka. Alipoona hatucheki, akakusanya bisibisi zake. "Basi hiyo msiitafute," alisema, akaondoka bila kumaliza chai.

Nakhumicha aliigeuzageuza rimoti mpya mapajani. Kisha akasema, "Kesho twende Bumula."

Kwa akina Barasa, mjane hakanyagi kaburi la mumewe kabla ya mwaka kwisha. Nilimkumbusha. Alisema mwaka ni mrefu na Jumamosi iko karibu.

"Sawa," nikasema. "Tuweke mpya juu ya kaburi. Na ya zamani, nani atabonyeza?"

Akanitazama kama aliyekuwa akilingoja swali hilo.

"Anayeibonyeza kila siku saa kumi. Kama mkono wake unafika Kitale, hautashindwa kufika juu hapo kidogo."

Ijumaa tulifika Bumula saa tisa na nusu. Ivy tulimwacha kwa jirani. Mama mkwe wa Nakhumicha alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni. Nakhumicha alimwinamia. "Mulembe, mama." Mama alijibu polepole, akiangalia kile kitu mkononi mwa mkwewe.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Udongo ulikuwa bado haujashuka. Jua lilikuwa kali na kuku walikuwa wakiparua hapo karibu. Nakhumicha alipiga magoti, akapima kwa macho mahali kifua kilipo, akailaza rimoti pale kichwa kikitazama chini.

Wepukhulu akatokea shambani na jembe begani.

"Shemeji, unafanya nini hapo?"

"Nachukua kilicho changu."

"Ati na hiyo plastiki?" Alicheka. "Barasa hakukupa rimoti akiwa hai, akupe leo?"

"Tutaona. Wilkista, soma."

Mtoto alikuwa akilia mgongoni, na sauti yangu ilikuwa ndogo. Nilisoma hivyohivyo. Bonyeza SET mpaka taa iwake.

Taa ikawaka.

Bonyeza kitufe unachotaka kufundisha. Akabonyeza cha kuzima.

Ilikuwa saa kumi. Nilihesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu. Mtoto mgongoni mwangu aliacha kulia. Nne. Tano. Kuku waliacha kuparua. Sita. Saba.

"Barasa," Nakhumicha akasema, si kwa kelele, kama mtu anayemwita mumewe mezani. "Bonyeza."

Nane.

Tisa.

Taa ikapepesa. Mara tatu.

Jembe la Wepukhulu likaanguka. Nakhumicha hakugeuka. Alibonyeza cha kupunguza sauti, akaiweka tena chini. Safari hii sikufika hata mbili. Ikapepesa mara tatu.

"Na cha kuongeza?" nilinong'ona.

"Hicho sikihitaji."

Akasimama, akapangusa magoti. Alipompita Wepukhulu alisema, "Kesho njoo na wazee. Nitapika chai." Mama mkwe alikuwa bado mlangoni. Nilimwona amejifunika mdomo kwa kanga.

Jumamosi lori lilifika saa tisa. Wazee watatu waliketi kwenye makochi, Wepukhulu karibu na mlango. Walizungumza juu ya marehemu na mila. Nakhumicha aliwamiminia chai, akaketi, rimoti mfukoni mwa aproni.

Saa kumi, taa ya bluu ikawaka.

Wazee waliacha kunywa. Namba zikapanda. Kumi. Kumi na tano. Ishirini na mbili. Zikapita. Hazikuwahi kuipita ishirini na mbili. Thelathini. Vikombe vikaanza kutetemeka mezani. Ivy alisogea pembeni ya kochi.

"Mnasikia?" Wepukhulu akasema. "Anaviita."

Nakhumicha akabonyeza kupunguza. Namba zikashuka mpaka kumi, zikasimama, zikapanda tena. Akabonyeza. Zikashuka. Zikapanda. Mkono wake ulikuwa umetulia.

"Barasa," alisema, "nilikupikia miaka sita na kelele zako nikazivumilia. Hapa sasa ni kwangu. Simami, siondoki, na mtoto wako haendi kulala kwa boma ya mtu. Lala."

Akabonyeza cha kuzima.

Taa ya bluu ikafa. Tulingoja. Mvua ikaanza juu ya mabati, ya kawaida, na sabufa ikabaki kimya.

Mzee mmoja aliweka kikombe chini. "Wepukhulu," alisema, "mwenye nyumba ameshajulikana. Sisi turudi." Lori liliondoka tupu, na Wepukhulu hakuaga.

Tangu siku hiyo sabufa haijawaka bila kuwashwa. Ivy ameanza shule, na Nakhumicha anashona kama kawaida.

Juzi nilikuwa kwake tena. Miezi minane imepita, na nikamwuliza amebadilisha betri mara ngapi. Akasema hajabadilisha hata mara moja. Nikashangaa, nikafungua kifuniko cha nyuma.

Betri za kijani alizoweka Kiplimo hazikuwemo. Zilikuwemo mbili nyekundu, kuukuu, zina kutu na udongo kwenye ncha. Zilikuwa zimeumwa. Meno yalikuwa na nafasi katikati. Alama nyingine zilikuwa za zamani, zimeshika kutu. Nyingine zilikuwa mpya, bati bado linang'aa.

Nilimwonyesha.

Nakhumicha alizitazama. Akazirudisha mahali pake, akafunga kifuniko, akaielekeza rimoti kwenye sabufa na kupunguza sauti ya taarifa ya habari.

"Si inafanya kazi?" akasema.

"Inafanya."

"Basi."