Ukuta wa Langoni kwa Mama

Saa nne asubuhi, mtu alibisha ndani ya kompyuta ya Kaimenyi.

Kaimenyi alitengeneza michezo ya video katika nyumba ya kupanga pale Nchiru. Huu mpya aliuchora kwa mfano wa kijiji chao karibu na Maua: migomba, miraa, barabara ya udongo mwekundu. Mchezaji angeweza kwenda popote isipokuwa kwa mama yake. Mama alimpa Winrose, dada yake Kaimenyi, shamba la miraa, na tangu hapo Kaimenyi alikuwa hajakanyaga kwa mama miaka mitatu. Langoni aliweka ukuta usioonekana. Ndani hakuchora nyumba wala mtu.

"Unasikia?" alimnong'oneza mkewe, Makandi.

"Nasikia. Na huo moshi unaonuka unatoka wapi? Zima hiyo kitu."

Kubisha kulitoka nyuma ya ule ukuta wa langoni. Kaimenyi aliufuta mara tatu. Kila alipoanzisha mchezo, aliukuta tena palepale.

Simu ikalia. Ni Winrose. "Mama ametuacha. Alikuita tangu Jumapili, Kaimenyi. Nilikupigia, hukushika."

Siku ya mazishi, jua likiwa utosini, waombolezaji walipita langoni kwa mama, Makandi akapita na mtoto wao Kendi mgongoni, lakini Kaimenyi alipoinua mguu hewa ilimgonga kifuani, ngumu na baridi kama jiwe la mtoni, akazunguka ua wote akiipapasa kwa viganja mpaka akarudi palepale.

Mchungaji alimwekea mkono kichwani, akakemea kwa jina la Yesu, na kadiri alivyokemea ndivyo moshi wa kuni ulivyozidi kumkaba Kaimenyi, moshi ambao hakuna mwingine aliyeuona, na ndani yake sauti ya jini ikamwambia polepole, kwa Kimeru, kama mtu wa nyumbani: "Ulijenga boma ukaliacha tupu. Nimehamia."

Winrose akaja, macho mekundu. "Hata leo unakataa kuingia?"

"Siwezi, Winrose. Kuna kitu hapa."

Winrose akapitisha mkono langoni, akaurudisha. "Hakuna kitu. Ni hilo shamba tu liko moyoni mwako."

Akageuka. Kaimenyi akasikia udongo ukimwagwa juu ya jeneza.

Asubuhi iliyofuata, Nchiru, Kendi alilia kitandani mwake. Kaimenyi akaenda kumbeba. Vidole vyake vikakwama hewani, shubiri moja kutoka usoni pa mtoto.

"Makandi," aliita, akiipapasa hewa ile ngumu.

Kendi akanyamaza. Akatazama juu, upande usio na mtu, akanyoosha mikono ili abebwe.