Barua Kwenye Mfuko wa Salfa

Msimu wa korosho, Sabaha hushinda uani kwake Naipingo akichambua korosho juu ya turubai, na mumewe Harithi akijaza magunia. Msimu huu walijituma kuliko miaka yote. Binti yao Zulfa alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na ada ilitakiwa iwe imelipwa ifikapo Ijumaa. Fedha ya mnada wa kwanza ingetosha.

Jumatano Harithi alikwenda benki Nachingwea mjini. Alirudi mikono mitupu, akaketi kibarazani bila kuvua viatu.

"Mama Zulfa, akaunti haina kitu. Wanasema hela imekwenda kulipa deni la kodi. La lile duka."

Sabaha aliacha kuchambua. Duka lao la pembejeo, njia ya Ruangwa, walilifunga miaka mitatu iliyopita.

"Hawakukuletea barua?"

Harithi aliingia ndani, akatoka na mfuko uliokuwa wa salfa, ile dawa ya mikorosho. Ulikuwa na barua nne. Mbili hazijafunguliwa.

"Nilijua wamekosea," alisema. "Korosho zangu zinakatwa kila mnada. Kodi gani tena?"

Sabaha alitaka kumfokea, ila machozi yalimtangulia. Mwanaume mzima, hodari wa kubishana na mizani, kumbe anaficha barua kama mtoto aliyevunja sahani. Alimwita jirani yao Stumai, karani wa chama cha msingi kinachokusanya korosho zao. Stumai alizisoma zote nne kwanza.

"Shemeji, makato ya chama ni ya korosho. Kodi ya duka ni nyingine."

"Duka lilishakufa."

"Limekufa kwako. Uliwaandikia watu wa kodi kwamba umefunga?"

Harithi alitikisa kichwa.

"Basi kwao liko wazi, na kila mwaka wanakukadiria. Barua ya makadirio inakupa siku thelathini za kupinga. Ukinyamaza, deni linabaki kama lilivyo, na mwisho wanaiandikia benki. Ungekuwa mwajiriwa, wangemwandikia mwajiri akate mshahara."

"Na hela ya mnada wa pili itakwenda?" Sabaha aliuliza.

"Itakwenda mkikaa kimya. Nendeni kesho ofisi ya kodi. Ombeni muda wa kupinga, mkieleza kwa nini mmechelewa. Bebeni uthibitisho kwamba duka lilifungwa. Mnachodaiwa kwa haki, ombeni kulipa kwa awamu. Yote kwa maandishi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa."

Walikwenda na barua ya mwenyekiti wa kijiji na ya mwenye fremu ya duka. Ofisa aliyewapokea, Jastin, aliwasikiliza vizuri, lakini hakuwaficha. Hela iliyokwisha kuchukuliwa ingesubiri uamuzi.

Ijumaa ikapita. Nafasi ya Zulfa akapewa mwingine. Binti hakulalamika. Alikuja kukaa kwenye turubai, akaanza kuchambua korosho. Sabaha alishindwa kumtazama. Angalau angelia, aliwaza, ningejua la kumwambia.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Makadirio ya miaka ambayo duka lilikuwa limefungwa yalifutwa. Hela iliyochukuliwa ilihesabiwa kwenye deni la kweli, na kilichobaki walikubaliwa kulipa kidogo kidogo. Duka likaandikwa rasmi kuwa limefungwa, na benki ikaambiwa isikate tena. Fedha ya mnada wa pili iliingia, ikabaki. Waliitenga kwa ajili ya Zulfa, aombe chuo upya mwakani.

Januari, mtendaji wa kijiji alileta bahasha nyingine ya kodi. Harithi aliipokea. Sabaha alimwangalia aone ataipeleka wapi.

"Zulfa," Harithi aliita, "njoo uisome sasa hivi. Na uandike tarehe ya leo hapo juu."

Zulfa, ambaye saa hiyo angekuwa darasani, alifuta mikono yake na kuifungua.