Kizimba Katikati ya Klova

Mimi sikuwepo. Yalimkuta rafiki yangu Arlo, huku kwetu Wisconsin, na tangu jioni ile hajakanyaga tena konde lake.

Arlo alipanda majani ya klova ili kulungu wayazoee kabla ya msimu wa kuwinda. Katikati aliweka kizimba cha waya, kama tufanyavyo wote: majani ya ndani hayaguswi, kwa hiyo ukiyalinganisha na ya nje unajua kulungu wamekula kiasi gani. Yake yalilingana ndani na nje; hakuna aliyekuja kula. Kulungu wote walikuwa ng'ambo ya ua, kwa jirani yake Merle.

"Ndugu yangu, hilo ni konde au zulia?" Merle alimtania. "Wangu wameshiba mpaka hawawezi kuruka ua waje kukusalimu!"

Merle ana mdomo, sikatai. Lakini wivu ulimkaba Arlo mpaka Jumapili moja, Merle akiwa kanisani, akavuka na kuinyunyizia klova ya mwenzake dawa ya kuua magugu.

"Sasa mtakula kwangu, mtake msitake," alisema, kana kwamba kulungu wanamsikia.

Wiki moja baadaye, giza likiingia, alikwenda kukagua. Kwa Merle kulikuwa kukavu, kimya. Kwake alisikia kutafuna, taratibu, meno mengi. Akafurahi, akawasha tochi. Hakukuwa na mnyama, wala jani lililoguswa.

Akafuata sauti hadi kwenye kizimba. Waya ulikuwa mzima, vigingi vimeshika ardhi. Ndani hamkuonekana kitu, lakini klova ilikuwa imeliwa mpaka udongo, na kutafuna kulikuwa kukiendelea humo humo.