Vishindo vya Khelef

Khelef aliitua kete yake kule Mwezini, na pumzi moja baadaye mkewe Raifa akakihisi kishindo vidoleni mwake, huku Pemba. Hiyo ndiyo kazi ya glavu-mguso: kusafirisha uzito wa mkono, maana dhumna bila kishindo si dhumna. Kila Ijumaa wachimbaji wa Mwezini walicheza na jamaa zao, na raha ilikuwa tele, mpaka Mnusaji alipopiga king'ora.

Mnusaji alikuwa programu ya mhandisi Layusa, ya kunasia wadanganyifu. Aligundua kwamba Khelef na Raifa, waliocheza upande mmoja, wanapeana ishara: vishindo vitatu vyepesi, kisha kimoja kizito. Tundu lilikuwa wazi kabisa. Mfumo ulilinda picha na sauti, ukausahau mkono. Adhabu ya udanganyifu ilikuwa kufungiwa mchezo, na kwa wachimbaji mchezo ndio ulikuwa njia pekee ya kuketi na watu wao.

Layusa akaenda mwenyewe. Alimkuta Raifa ukumbini na mavyaa yake, Bi Mwanakombo, ambaye siku zote ndiye mpinzani wao.

"Ishara zile zina maana gani?"

Raifa akainamisha kichwa. "Nifungieni tu, dada."

Layusa alishangaa. Alikwisha kupitia michezo yao yote; walifungwa kila Ijumaa. Wadanganyifu gani hawa, wasioambulia kitu?

Bi Mwanakombo akacheka mpaka akajifuta machozi. "Hee, mwanangu, wewe hujaolewa? Mke wa mtu atasemaje 'nimekukumbuka' mbele ya mama mkwe? Ndiyo wanagongeana. Mimi najua zamani, nimenyamaza."

Raifa akajifunika uso kwa mtandio.

Layusa aliliziba tundu kwa namna yake: vishindo vikawekwa akiba, vimfikie mwenza mchezo ukiisha. Ijumaa iliyofuata Khelef akafungwa tena, kama desturi yake. Ndipo vishindo vyake vyote vikamiminika mikononi mwa Raifa kwa mkupuo, akaangua kicheko, akasahau nani yuko mbele yake.

Layusa alifurahi, lakini furaha haikumkaa sawasawa. Alikuwa amewafungia wengi kabla ya hawa, bila kumuuliza yeyote. Akaanza kuwapigia simu. Wa kwanza, bwana mmoja wa Tumbatu, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkaripia.

"Nimekusamehe," alisema. "Na mke wangu, kule Mwezini, mmeshamwambia kwamba si mimi niliyenyamaza?"