Jeti Kuukuu ya Kwenda Butembo

Masika hakuwa na haja ya kuruka. Alichotaka ni kukaa. Tangu asubuhi alikuwa amesimama kwenye saluni kule Rosettenville akisuka vichwa vya watu, kisha akatumwa nywele za bandia kwenye jumba la maduka, na Jumamosi ile jumba zima lilifurika utadhani vitu vinagawiwa bure. Kila benchi lilikuwa na mtu, na kila mtu na mifuko yake. Viti pekee vilivyobaki vitupu vilikuwa viwili, kimoja nyuma ya kingine, ndani ya kitu kirefu cha kijivu chenye pua iliyochongoka, kilichowekwa katikati ya ukumbi mbele ya skrini kubwa. Akapanda kile cha nyuma, akavua kandambili, akafumba macho.

"Dada, hiyo haiko kiti ya kupumzikia."

Masika alifumbua jicho moja. Chini yake alisimama kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya rubani iliyomkomea juu ya vifundo vya miguu, soksi nyekundu zote nje. Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi, hakina kificho.

"Umejuaje miye ni mtu wa kwetu?"

"Hiyo kikwembe yako umejifunga. Na tena umepanda ukisema 'Yesu wangu, miguu'. Wazulu hawasemagi vile."

"Basi niache kidogo, papa rubani. Nimechoka mpaka kwenye kucha."

Kijana akatazama kulia na kushoto. Naye alikuwa amechoka. Siku nzima alikuwa akiwachekea watoto wa watu kwenye sherehe zao za kuzaliwa, na mashavu yalimuuma. "Patron akikuona umelala, tunafukuzwa wawili," alisema. "Vaa hizi za masikio, shika ramani, ujifanye unasoma. Mtu wa nyuma njo anaonyesha njia."

Ndivyo Masika alivyokutana na Damien. Kile kitu kilikuwa mashine ya kuigiza urukaji, mfano wa jeti ya kivita ya enzi ambazo bibi zao walikuwa wasichana. Haikuwa na GPS wala sauti ya kukuambia kata kushoto. Rubani alikaa mbele akishika usukani, na mwenzake nyuma alikuwa na dira, saa na ramani ya karatasi magotini. Akikosea yeye, wamepotea wote wawili.

"Hapa Joburg dira inadanganya kidogo," Damien alimfundisha, kama alivyowafundisha wateja wote. "Sindano inapinda upande wa magharibi. Ukipima njia kwenye ramani, ongeza digrii ishirini. Usisahau, ongeza ishirini."

"Na ukifika mbali?"

"Mbali hakuna mtu anaenda, mama. Wanazunguka tu juu ya Soweto, wanapiga picha, wanashuka."

Masika alitaka kwenda mbali. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alirudi akiwa amevaa gauni la bluu la kanisani na viatu vya visigino mkononi. Wakaondoka Johannesburg mpaka Polokwane. Jeti ilikuwa na tangi dogo, kwa hiyo safari ilikatwa vipande, na kila Jumapili waliendelea pale walipoachia: Harare, Lusaka, Ndola. Walipofika Lubumbashi, Damien aliinamisha bawa.

"Pale ni Katuba, kwetu. Mama eko anasonga bukari saa hizi."

"Miye naona mchanga tu."

"Iko chini ya ule mchanga. Angalia vizuri, chérie."

Neno hilo la mapenzi lilimtoka bila kupangwa. Masika alijifanya anapima ramani, lakini huko nyuma, mahali pasipoonekana na mtu, alitabasamu peke yake kama mjinga. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda na ovaroli yake fupi na uchovu wake usio na makelele.

Tatizo lilikuwa moja. Masika aliishi kwa mjomba wake, na kila Damien alipouliza, "Nikuje lini kwa tonton kujionyesha?", Masika alijibu jibu lile lile: "Bado sijamaliza kilio."

Mama yake alizikwa Butembo mwaka uliopita. Masika aliyasikiliza mazishi kwa simu, akiwa amejifungia chooni saluni, mtandao ukikatikakatika katikati ya nyimbo. Kwenda hakuweza. Njia za kwao zilifungwa na vita, na mwenye karatasi ya ukimbizi akirudi alikokimbia, karatasi ile hana tena. Hivyo machozi yalibaki mahali fulani yakamwelemea, na alijiapia kwamba hatazungumza harusi kabla hajamlilia mama yake juu ya kilima chao, hata kama ni kilima cha kwenye kioo. Damien alilijua hilo. Ndiyo maana walikuwa wanaruka.

Walipofika Goma, kikabaki kipande kimoja tu. Jumanne yake, Zubeda, Mtanzania waliyesuka naye kiti kimoja, alimwambia huku akigawa nywele za mteja:

"Shoga, mwenzio nimemkuta asubuhi yumo peke yake kwenye lile dege, ramani yenu magotini. Namuuliza waenda wapi, ananiambia Butembo."

Mkono wa Masika ulisimama. "Peke yake?"

"Peke yake. Hata aibu hakuona."

Iliuma. Iliuma kuliko kama angemfumania na mwanamke. Mwanamke yule Masika angeweza kumtukana, lakini Damien alikwenda kwa mama yake bila yeye, kama mtu anayekwenda kutazama nyumba ya kupanga. Simu ya Damien ilipoita aliigeuza kifudifudi. Ikaita siku ile, ikaita na kesho yake, mpaka wateja wakaanza kuuliza kama ni mdai wake.

Ijumaa alipokea, kwa kuwa hata kukasirika kulishamchosha.

"Usikate, chérie."

"Ulifika?" aliuliza Masika.

"Sikufika."

Hakulitarajia jibu hilo.

"Niliogopa," Damien aliendelea. "Kule Katuba uliona mwenyewe, mashine iliweka mchanga tu. Nikasema, na kama kwa mama yake haiko hata nyumba moja? Nilitaka nione mbele, nije nikuambie polepole. Basi nikatoka Goma, nikaongeza ishirini."

"Uliongeza ishirini Goma?"

"Yale maneno nayasema kila siku, Masika. Mdomo imezoea. Nikatokea juu ya ziwa la mpakani, upande wa Uganda, mafuta imeisha. Nikaanguka mumaji."

Masika hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka, kidogo na kikavu. "Kule kwetu sindano haipindi, Damien. Imeandikwa pale pale kwenye ramani. Umekaa hapa mpaka umesahau kuna mahali pengine."

"Ungekuwa nyuma yangu ungeniambia."

"Ungeniita ningekuwa nyuma yako."

"Kweli. Nilikosea, unisamehe." Alivuta pumzi. "Patron anahamisha mashine Durban. Jumapili hii ni ya mwisho."

Masika alitazama miguu yake iliyovimba. "Nitakuja. Lakini usiguse kitu mpaka nikae."

Jumapili hiyo hakuvaa gauni la bluu. Alivaa nyeusi, na kitambaa cheusi kichwani. Damien alimwona akija katikati ya watu wenye mifuko, akavua kofia yake ya rubani.

Waliondoka Goma. "Shika digrii mbili, kaskazini," Masika alisema. "Usiongeze kitu."

"Mbili. Siongezi."

Ziwa lilipita mkono wa kuume. Masika aliifuata saa, kidole juu ya ramani, mpaka dakika alizopima zikatimia. "Hapa. Shuka."

Chini kulikuwa na vilima, kijani kimoja mpaka mwisho wa macho. Hakuna bati lililong'aa, hakuna njia, hakuna kanisa. Aliyeitengeneza mashine hakujua kwamba pale wanaishi watu.

"Pole," Damien alisema kwenye vifaa vya masikio. "Njo hii niliogopa."

"Ndiyo yenyewe. Vilima ninavijua. Zunguka."

Damien akazunguka. Kisha Masika akalia. Hakulia kwa adabu ya mjini. Alimwita mama yake kwa Kinande, lugha ya kwao, kwa sauti, akamwomba radhi kwa kutokuja, akamweleza habari za Joburg, za miguu yake, za mwanaume huyu anayeizungusha ndege. Watu walisimama na vikapu vyao, wengine wakidhani ni mchezo unaotisha. Damien hakugeuka kumtazama. Aliishika ndege isitikisike, na machozi yake mwenyewe yakashuka mpaka kwenye kola ya ovaroli.

Taa nyekundu ya mafuta ikawaka. Hakuisema.

Baadaye kilio kikaisha. Masika akapenga kamasi kwa ncha ya kitambaa chake, akaivuta ramani.

"Tonton anakuwa nyumbani kesho jioni," alisema. "Uvae suruali inayofika chini."

"Kesho?" Damien aliuliza. "Umemaliza?"

"Nimemaliza. Turudi."

"Nipe njia."

"Kusini." Alipima kwa kidole, akaiona ile taa nyekundu juu ya bega la Damien. "Mafuta itafika?"

"Haifiki."

"Haya. Twende tu."

Damien akageuza ndege.